Dini ihukumiwe kwa magaidi wake? Namna ya kuliongoza swali hili barazani, darasani na kwenye kundi la simu

Swali hili halibishi hodi. Video ya mauaji imeingia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Mgeni anatembezwa Mji Mkongwe, ametoka kanisa la Mkunazini na sasa anasikia adhana, anamgeukia anayemtembeza na kuuliza. Au kijana wa skuli anainua mkono: "Maalim, kama dini ni ya amani, mbona hawa wanaua huku wanapiga takbiri?"

Mwongozo huu ni wa mtu anayetarajiwa kujibu: msimamizi wa kundi, mwalimu wa skuli au madrasa, mtembeza wageni, mzee wa baraza. Msimamo wenyewe tuuseme mapema ili msomaji asiusubiri. Dini haihukumiwi kwa wauaji wake, ila wenye dini wana maswali ya kujibu, na maswali hayo yanaulizwa dini zote kwa pishi moja. Anayeupimia Ukristo kwa kibaba na Uislamu kwa pishi, au kinyume chake, keshahukumu kabla hajapima.

Hakikisha kwanza kilichotokea

Usijibu video siku ile ile. Saa 24 zinatosha kuondoa uongo mwingi. Katika shambulio la Westgate, Nairobi, lililoanza tarehe 21 Septemba 2013 na kuua watu 67, serikali ya Kenya ilizungumzia washambuliaji 10 hadi 15. Picha za kamera za ulinzi zikaja kuonesha wanne. Tarehe 22 Julai 2011 bomu lilipolipuka Oslo, wachambuzi walikimbilia kuwataja Waislamu wenye siasa kali. Muuaji alikuwa Anders Behring Breivik, Mnorwe aliyewachukia Waislamu, na siku ile aliua watu 77.

Video yenyewe ichunguze hivi. Ikiwa na alama ya mishale miwili juu yake, imeshapita mikono mingi na aliyekutumia hajui ilikotoka. Isimamishe pahala penye maandishi: kibao cha duka, nambari ya gari, sare ya askari. Piga picha ya skrini, uitafute kwa Google Lens. Sikiliza lugha inayosemwa nyuma, si ile iliyoandikwa juu ya video. Kama utafutaji hauleti kitu, tazama kama herufi za kibao zimegeuka kushoto kulia. Wapo wanaoipindua video makusudi ili isitafutike. Ukishindwa kuthibitisha, andika kundini "haijathibitishwa" na uombe ifutwe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 inamgusa anayesambaza uongo huku akijua ni uongo, hata kama hakuutunga yeye.

Tenganisha pia maneno matatu ambayo barazani huchanganywa sana: kukamatwa, kushtakiwa, kutiwa hatiani. Viongozi wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walishtakiwa kwa ugaidi, wakakaa rumande miaka mingi, na Juni 2021 wakaachiwa baada ya mashtaka kufutwa. Uwapende usiwapende, huwezi kuwatumia kama ushahidi kwamba "magaidi wa Zanzibar walihukumiwa". Khalfan Khamis Mohamed na Ahmed Khalfan Ghailani, wote wawili wa Zanzibar, ni habari nyingine: mahakama ya New York iliwatia hatiani, mmoja 2001 na mwengine 2010, kwa kuhusika na milipuko ya balozi za Marekani ya tarehe 7 Agosti 1998. Watu 224 walikufa, 11 kati yao Dar es Salaam.

Mfano huo wa mwisho una kazi nzuri barazani. Mtu akisema dini fulani ijibu kwa matendo ya watu wake wawili, muulize kama na Zanzibar nzima ijibu kwa hao wawili. Kahawa itapoa kabla hajapata jibu.

Karatasi ya safu nne

Chukua karatasi ya A4, ilaze, igawe safu nne. Darasani fanya hivyo ubaoni. Andika juu ya kila safu:

1. Nani alitenda, na nani aliumia?
2. Mtendaji mwenyewe alidai nini?
3. Wenye elimu ya dini hiyo wanasema nini, na kwa hoja gani?
4. Waumini wa kawaida walifanya nini?

Ubishi mwingi hutokana na mtu kujaza safu ya 2 na kuondoka. Dai la muuaji ni ushahidi wa kile anachotaka aaminiwe, na hasa anataka uamini kwamba yeye ndiye msemaji wa dini. Ukikubali bila kuuliza, umemsaidia kazi.

Jaribu na matukio mawili ya Mandera, Kenya. Tarehe 22 Novemba 2014 al-Shabaab walisimamisha basi, wakawatenga abiria na kuua watu 28 wasio Waislamu. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Disemba 2015, basi jengine likiwa njiani kwenda Mandera likasimamishwa, na amri ikawa ile ile: Waislamu huku, Wakristo kule. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengana. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike, na washambuliaji wakaambiwa wawaue wote au wawaache wote. Salah Farah, mwalimu na Muislamu, alipigwa risasi na akafariki hospitali Januari 2016.

Sasa jaza. Safu ya 1 ina wauaji Waislamu, na ina Muislamu aliyeuawa. Safu ya 2 ina dai la al-Shabaab. Safu ya 4 ina mitandio. Wanafunzi wakimaliza waulize: ukiwa na watu wa dini moja pande zote mbili za mtutu, unamchukua nani kuwa kielelezo, na kwa kanuni gani? Wape dakika kumi, usiwasaidie. Kanuni watakayoitaja waiandike, kwa sababu wataihitaji baadaye kuipima dini nyengine.

Kwa mfano wa nyumbani Zanzibar, tumia miezi ya mwisho wa 2012 na mwanzo wa 2013. Novemba 2012 Sheikh Fadhil Soraga, katibu wa Mufti, alimwagiwa tindikali. Siku ya Krismasi Padri Ambrose Mkenda alipigwa risasi na kujeruhiwa. Tarehe 17 Februari 2013 Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi akienda kusalisha misa. Safu ya 1 ijazwe kwa waliojeruhiwa na waliouawa, na anayetaka kuandika majina ya wahalifu kwa kukisia azuiwe. Mahali padogo kama hapa jina la kukisia hufika kwa mama wa mtu kabla ya magharibi.

Hesabu, na mipaka yake

Septemba 2014 shirika la kijasusi la Marekani, CIA, lilikisia kwamba kundi la Dola ya Kiislamu lina wapiganaji kati ya 20,000 na 31,500 huko Iraki na Syria. Chukua idadi ya juu. Waislamu duniani walikisiwa kuwa bilioni 1.6 mwaka 2010. Gawa: unapata chini kidogo ya watu wawili kwa kila laki moja. Kwa sensa ya 2022 Zanzibar ina watu 1,889,773. Kwa kiwango hicho hicho ni kama watu 37 Unguja na Pemba pamoja.

Hesabu hii inamnyamazisha anayesema "wote wako hivyo". Usiitumie kwa zaidi ya hapo. Haikuambii wangapi wanachangia fedha, wangapi wanashangilia kimya kimya, wala haimfariji aliyeuliwa mtoto wake. Mwenye kuijua hesabu vizuri atakujibu kwamba watu 37 wenye silaha wanatosha kuichafua nchi, na atakuwa na haki. (Na mtu akikuletea "asilimia rasmi ya serikali" ya Waislamu Zanzibar, jua ni makisio. Sensa ya Tanzania haijauliza dini tangu 1967.)

"Huyo si Muislamu"

Hili ndilo jibu linalotoka haraka kuliko yote, na ndilo linaloharibu mazungumzo kuliko yote. Nia yake ni njema. Anayelisema anaitetea dini yake. Lakini anayesikiliza, hasa kama si Muislamu, anaona mlango umefungwa usoni: mtu kaswali maisha yake yote, katenda uovu, ghafla hamumjui.

Kuna tatizo kubwa zaidi, la ndani ya dini. Kumtoa Muislamu katika Uislamu, yaani kumkufurisha, ndiyo silaha ya kwanza ya makundi haya. Humkufurisha mtu kwanza, kisha damu yake huwa halali. Khawarij, kundi lililojitenga na Ali, khalifa wa nne, baada ya vita vya Siffin vya 657, walimkufurisha, na mwaka 661 mmoja wao, Ibn Muljam, akampiga upanga msikitini Kufa. Imepokewa kwamba Ali mwenyewe alipoulizwa kama watu hao ni washirikina, alijibu kwamba ushirikina ndio walioukimbia. Aliwapiga vita kwa walichotenda, bila kuwavua dini. Tangazo la Amman, Jordan, la 2004 na makubaliano ya wanazuoni yaliyofuata yalikwenda njia hiyo hiyo: kukataa ukufurishaji.

Zanzibar ina sababu yake ya kuwa makini hapa. Ukoo wa masultani ulikuwa wa Kiibadhi, madhehebu ambayo si Sunni wala Shia, wenyeji wengi ni Sunni wa Shafi, na wameishi mtaa mmoja. Wapo ambao hadi leo huwatia Waibadhi kapu moja na Khawarij. Waibadhi wanaikataa nasaba hiyo, na katika jambo lenyewe la damu historia iko upande wao: miaka ya 680 walitengana na Azariqa, wafuasi wa Nafi bin Azraq, kwa kuwa Azariqa walihalalisha kuwaua Waislamu wasiokubaliana nao. Kwa hiyo wapo majirani zetu wanaohukumiwa kwa watu wenye siasa kali wa zaidi ya miaka 1,300 iliyopita, ambao wazee wao ndio waliowakimbia.

Badala ya "huyo si Muislamu", sema hivi: "Ni Muislamu aliyetenda jinai, na wanazuoni wamelikataa tendo lake kwa sababu hizi." Kisha zitaje sababu. Mwaka 2014 wanazuoni zaidi ya 120 walimwandikia barua ya wazi Abu Bakr al-Baghdadi, kiongozi wa Dola ya Kiislamu wakati huo, wakimpinga hoja kwa hoja. Sababu ndizo zinazomfaa anayeuliza. Kauli ya "tunalaani" peke yake haimfundishi mtu kitu.

Aya zikiletwa

Zitaletwa. Kanuni ni moja: hakuna kusoma aya moja, soma ya kabla na ya baada. Sura ya 9 aya ya 5 inayoamrisha kuwaua washirikina isomwe pamoja na ya 4, inayowatoa waliotimiza ahadi zao, na ya 6, inayoamuru mshirikina akiomba hifadhi apewe na afikishwe pahala pa amani. Tafsiri yenye maelezo chini, kama ya Sheikh Abdalla Saleh Farsy, inafaa kuliko simu.

Upande wa pili nao una mtego. Wengi hutaja 5:32, anayeua nafsi moja ni kama kawaua watu wote, wakaruka maneno ya katikati yanayomtoa aliyeua au aliyefanya uharibifu katika nchi. Mbishi aliyejiandaa ataikamata nafasi hiyo. Isome yote mwenyewe, kisha uliza ni nani mwenye mamlaka ya kuamua kwamba fulani amefanya uharibifu: kadhi na dola, au kijana mwenye bunduki?

Mkristo naye asiruhusiwe kuleta Mathayo 26:52, waushikao upanga wataangamia kwa upanga, akaficha 10:34, sikuja kuleta amani bali upanga, au 1 Samweli 15:3, amri ya kuwaua Waamaleki wote.

Geuza pishi

Kabla ya kumaliza, rudisha ile kanuni waliyoiandika darasani na uijaribu kwengine. Kanungu, Uganda, Machi 2000: mamia ya watu waliteketea ndani ya kanisa la kundi lililodai kurejesha Amri Kumi. Shakahola, Kenya, 2023: miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kwa mhubiri aliyeshtakiwa kuwafundisha watu wafunge hadi kufa. Christchurch, New Zealand, 2019: waliosali Ijumaa 51 waliuawa misikitini. Gandhi wa India aliuawa 1948 na Mhindu mwenzake, na Rabin, waziri mkuu wa Israeli, 1995 na Myahudi mwenzake. Myanmar, 2017, Warohingya, ambao wengi ni Waislamu, zaidi ya 700,000 walikimbilia Bangladesh kutoka nchi ya Mabudha. Kanuni ikivunjika kwenye tukio lolote, irekebishwe na irudi Mandera ilikoanzia.

Angalia jambo moja. Orodha hii ikitumiwa kusema "na nyinyi je?", mazungumzo yamekufa. Itoe baada ya kulijibu swali lililoulizwa, kamwe kabla.

Maswali yanayobaki halali baada ya yote haya ni ya safu ya 3 na ya 4: nini kinafundishwa, nani analipia, nani alijua akanyamaza. Haya yanaulizwa msikiti, kanisa au hekalu fulani, kwa jina na kwa ushahidi. Yakiulizwa dini nzima hayajibiki.

Mtu akisifu mauaji

Kundini akitokea wa kushangilia, usibishane naye mbele ya watu 200; hadhira ndiyo anayoitaka. Futa ujumbe, lakini hifadhi picha yake kwanza. Mpigie simu, usimwandikie. Kama ni kijana, tafuta mtu anayemsikiliza kweli: mjomba, maalim aliyemsomesha juzuu, kocha wake wa mpira. Aanze kwa kumuuliza nani amemtumia, kwa sauti ya kawaida, na asimpeleke moja kwa moja kwenye fatwa. Hasira tupu hupoa. Lakini akitaja safari, fedha, silaha au jina la mtu wa kudhuriwa, hapo mambo ya baraza yamekwisha: mwende kwa sheha au polisi siku hiyo hiyo, na picha ile ya ujumbe mkononi.