Namna ya kumsaidia mgonjwa apate usingizi baada ya upasuaji, maumivu yapungue

Mgonjwa akikesha, kesho yake mshono uleule humuuma zaidi. Maumivu hufukuza usingizi, na kukosa usingizi huongeza maumivu. Muuguzi mwenzangu wa zamu ya usiku, fanya hivi.

1. Anza mchana. Kama daktari ameruhusu, aketi, atembee kidogo, apate mwanga wa jua. Chai na kahawa ziishie mchana.

2. Dawa ya maumivu itangulie maumivu. Hapa ndipo tunapowaumiza wagonjwa wengi: dawa imeandikwa kila baada ya saa 6, lakini usiku inasubiriwa mpaka mtu alalamike. Wapo wasiolalamika kabisa. Mama aliyejifungua kwa upasuaji anauma meno kimya, anaona aibu kukusumbua. Muulize maumivu ni mangapi kati ya 0 na 10, kwanza akiwa ametulia, kisha mwambie akohoe au ageuke. Anayesema 2 akiwa ametulia anaweza kusema 7 akikohoa, na usiku lazima atageuka. Mpe dozi yake kwa saa yake. Parasetamo ya mtu mzima isizidi gramu 4 kwa saa 24, ukijumlisha vidonge na ya dripu.

3. Mlaze vizuri. Aliyepasuliwa tumbo, inua kichwa cha kitanda na magoti yakunjwe kidogo ili mshono usivutwe. Mpe khanga iliyokunjwa aibane tumboni anapokohoa.

4. Unganisha kazi. Presha, joto, dawa, dripu, mfuko wa mkojo: vyote saa 4 usiku, kisha saa 10 alfajiri. Katikati mwache alale. Ila aliyetoka chumba cha upasuaji leo, au anayepewa mofini (dawa kali ya maumivu), endelea kumpima na kuhesabu pumzi zake kama ilivyoagizwa. Dawa ya usingizi usimwongezee bila daktari. Ikikutana na mofini inaweza kudidimiza upumuaji.

5. Punguza taa na sauti. Shirika la Afya Duniani linapendekeza desibeli 30 wodini usiku, kiwango cha mnong'ono. Simu zizimwe mlio, magurudumu ya toroli yatiwe mafuta.

Maumivu yakizidi ghafla, tumbo likawa gumu, mguu mmoja ukavimba au homa ikapanda, hilo si suala la usingizi. Mwite daktari papo hapo.

Asubuhi muulize amelalaje, uandike kwenye chati kando ya namba ya maumivu, na zamu inayoingia isomewe.