Kabla ya kutaja bei ya gari la kale: mambo ya kuzingatia kwa muuzaji wa Dar es Salaam

Ukiuza Toyota IST hapa Dar es Salaam, bei yake soko linaijua tayari. Mnunuzi atauliza herufi ya namba, atauliza kilomita, ataangalia kama rangi ni ya kampuni, na kabla hamjafika mbali kila mmoja anajua mtaangukia wapi. Gari la kale halina soko la namna hiyo. Peugeot 404, Land Rover Series II, Volkswagen Beetle au Mercedes W123 inaweza kutafutiwa mwenzake aliyeuzwa karibuni mjini asipatikane. Pengo hilo hujazwa na maneno. Mwenye gari anataja bei ya kumbukumbu zake, dalali anataja bei ya chuma chakavu, na wote wawili wanasema kwa uhakika mkubwa. Kwangu mimi bei ya haki ni ile unayoweza kuieleza jambo kwa jambo mbele ya mnunuzi na fundi wake. Maelezo hayo yanaandaliwa kabla, si siku mtu amesimama uani anakuuliza, "Mzee, bei ya mwisho shilingi ngapi?"

Anza na kadi, gari lisubiri. Itafute kadi halisi ya usajili, kisha ushuke nayo hadi kwenye gari ulinganishe namba ya chasisi, namba ya injini, mwaka na rangi. Magari mengi ya umri huu ni ya urithi, na hapo ndipo biashara nyingi hukwama. Kama jina kwenye kadi ni la marehemu, bado huna bei ya kutangaza. Familia ikae kikao, muhtasari uandikwe, msimamizi wa mirathi athibitishwe na mahakama; kwa familia nyingi safari hiyo huanzia Mahakama ya Mwanzo. Usikubali kuambiwa kwamba mnunuzi "atamalizana nayo mwenyewe". Mnunuzi makini atakimbia, na asiyekimbia atakata bei kwa kiasi kikubwa kuliko gharama ya kufuatilia karatasi, kwa sababu anabeba hatari ya ndugu kujitokeza baadaye na kusema hakushirikishwa.

Namba ya injini nayo isikupite. Land Rover nyingi ziliondolewa injini ya awali zikafungwa ya Toyota au Isuzu, kwa sababu ya kueleweka kabisa: spea zilikuwa shida na kazi ilikuwa haisubiri. Kama kadi bado inasoma injini ya zamani, nenda TRA ukaweke sawa. Gari lililoegeshwa tangu enzi za namba zinazoanza na TZ, likawa halijahamishiwa kwenye namba za T, nalo lipate jibu lake TRA kwanza. Angalia pia deni la faini za barabarani na la maegesho ya TARURA, maana yote mawili yanasomeka kwa namba ya gari na mnunuzi atayatafuta kwenye simu huku mnaongea. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2017/18, kwa hiyo gari lililolala haliendelei kulimbikiza deni hilo.

Karatasi zikikaa sawa, lipeleke gari kwenye shimo la gereji. Mji wetu uko baharini, na hewa ya chumvi inayovuma Upanga, Msasani, Oyster Bay na Kigamboni inakula chuma mwaka mzima, hata cha gari lisilotembea. Hakuna jambo linaloamua thamani ya gari la kale hapa kuliko kutu. Injini inafunguliwa ikafungwa, giaboksi inapatikana, lakini bodi iliyooza ni kazi ya miezi kwa fundi anayejua, na mafundi hao wanapungua.

Kila gari lina mahali pake pa kuozea. Land Rover za zamani zina bodi ya aluminiamu, kwa hiyo kwa nje linaweza kupendeza huku chasisi, ambayo ni ya chuma, imeshaisha. Lala chini, gonga chasisi kwa nyundo ndogo, sikiliza sauti inapobadilika kutoka mlio mkali kwenda mlio mzito. Kagua pia ule ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu ya dereva. Beetle huozea sakafuni, hasa pale betri inapokaa chini ya kiti cha nyuma, na kwenye maboksi ya pembeni yanayopitisha hewa ya moto. Mercedes W123 itazame kwenye matundu ya jeki, matao ya tairi na chini ya kioo cha mbele. Peugeot 404 na 504 hazina chasisi ya kujitegemea, bodi ndiyo inayobeba kila kitu, hivyo kingo za chini ya milango zikiwa mbovu gari zima limedhoofika. Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa juu ya bodi ya chuma: inapoacha kunasa, chini ya rangi kuna puti. Kwenye bodi ya Land Rover sumaku haitakusaidia, kwa kuwa aluminiamu hainaswi.

Mwite fundi asiye wako. Fundi aliyelihudumia gari miaka yote analipenda kama wewe unavyolipenda, na mwingine atakuwa na aibu ya kusema alichokiacha. Mlipe fundi mgeni kwa muda wake, mwambie aandike kila kasoro na gharama ya kuirekebisha, na bei za spea zitoke madukani, Gerezani au Kariakoo, siyo kichwani. Hesabu kwa uangalifu vitu vidogo vilivyopotea: grili, vikombe vya tairi, vishikizo vya milango, saa za dashibodi, nembo, vioo vya taa. Muuzaji huviona ni vitu vya kupuuza. Kwa gari lililoacha kutengenezwa zamani hizo, kioo cha taa cha asili kinaweza kutafutwa kwa muda mrefu kuliko pistoni, na mnunuzi anayejua atavikata kwenye bei kimoja baada ya kingine. Ukiwa na boksi la vitu vya zamani stoo, lisilotupwa wala kuuzwa kwa kilo, lilete mezani. Hilo ni pesa.

Halafu jua kwa hakika unauza nini. Series I ya Land Rover ilitengenezwa kuanzia 1948 hadi 1958, Series II na IIA zikafuata hadi 1971, ndipo ikaja Series III hadi 1985. Mtaani zote ni "Land Rover mia na tisa" au "ya mkoloni", na watu wamezichanganya milango, grili na dashibodi kiasi kwamba macho hayatoshi. Namba ya chasisi ndiyo shahidi. Land Cruiser za mfululizo wa 40 zilitoka 1960 hadi 1984, na mwaka mmoja unaweza kubadilisha injini, breki na bei. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, linahesabu gari kuwa la kihistoria likifikisha walau miaka 30, likiwa limetunzwa katika hali sahihi ya kihistoria. Umri peke yake haulifanyi gari kuwa la thamani, na ningependa kila muuzaji akae na jambo hili kabla hajafungua mdomo. Gari la mwaka 1974 lenye injini ya gari lingine, viti vya gari lingine na taa za kubandika linaweza kuwa gari zuri sana la kazi. Uza kwa bei ya gari la kazi.

Historia huongeza thamani ikiwa na ushahidi. Peugeot 404 ina heshima yake ya kweli katika ukanda huu: ndiyo iliyoshinda Safari Rally ya 1966 na ya 1967 ikiendeshwa na Bert Shankland, dereva wa Tanzania, na wazee wengi wa Dar wanakumbuka. Lakini heshima hiyo ni ya aina ya gari. Ukisema gari lako lenyewe lilishiriki mashindano, au lilikuwa la waziri fulani miaka ya sitini, weka mezani kadi ya zamani, picha yenye namba ikisomeka, risiti, kitabu cha huduma. Magari ya viongozi yaliyohifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, watu huyaamini kwa sababu kumbukumbu zake zipo. Hadithi isiyo na karatasi isimulie kwa furaha, ila usiitie bei.

Sasa namba zenyewe. Usichukue bei ya mnada wa Marekani ukaigeuza tu kuwa shilingi. Land Cruiser unayoiona huko ina usukani kushoto, imefumuliwa na kujengwa upya, na inauzwa kwa watu wenye soko la spea mlangoni. Nairobi iko karibu nasi zaidi kwa kila hali: usukani kulia, magari yaleyale, na wapenzi wengi wa magari ya kale. Hata huko, tafuta gari lililouzwa kweli. Bei iliyobandikwa kwenye tangazo la miezi minane inakuonyesha tu kiasi ambacho wanunuzi wamekikataa.

Kipimo kingine, ambacho wauzaji wengi wa hapa hukisahau, ni gharama ya kuingiza gari la kufanana na lako kutoka nje. Chukua mfano wa kubuni: gari lenye injini ya kati ya sentimita za ujazo 1,000 na 2,000, thamani yake pamoja na nauli na bima hadi bandarini ni shilingi milioni 10. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni milioni 2.5. Juu ya jumla hiyo ya milioni 12.5 kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, na mwingine wa asilimia 30 kwa kuwa gari limepita miaka 10. Vyote viwili ni kama milioni 4.4. VAT ya asilimia 18 inaongeza kama milioni 3. Kodi zimekaribia milioni 10 kabla ya tozo nyingine, bandari na usajili, na gari la milioni 10 limekuwa la 20. Huo ndio ukuta unaolilinda gari lako lililokwisha kusajiliwa hapa, na ndio dari yako pia: ukipita gharama hiyo, mwenye pesa ataagiza.

Ukishapata makadirio ya gari zima la aina yako, ondoa ubovu. Tuseme likiwa zima lingefika milioni 30, na fundi mgeni ameandika kuchomelea chasisi milioni 3, rangi milioni 4, vitu vilivyopotea milioni 1.5 na tairi milioni 1.2. Zinabaki milioni 20.3. Mnunuzi naye anajua kwamba kazi ya bodi huibua kazi nyingine, kwa hiyo atataka nafuu kidogo ya hatari hiyo. Ningetangaza milioni 21.5 na kukubaliana na familia kwamba chini ya 18.5 hatuuzi. Pengo dogo la namna hii linatosha mapatano ya heshima. Ukianzia milioni 35 ili "wapunguze", watu uliowahitaji hawatapiga simu kabisa.

Risiti za ulichotengeneza miaka iliyopita zitunze, zinaonyesha matunzo, lakini usizijumlishe ukaziita bei. Milioni sita za injini zimekupa miaka ya kuliendesha. Sehemu tu ndiyo inarudi. Hili linauma, hasa kwa aliyelirudisha gari barabarani kwa jasho lake, na bado mnunuzi hawajibiki kulipia mapenzi yetu.

Taja bei kwa shilingi. Tangu 28 Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza au kulipa bei ya bidhaa za ndani kwa fedha za kigeni, hata kama mnunuzi ni mgeni wa Masaki anayefikiri kwa dola. Na dalali, kama unamtumia, apewe kiwango chake mapema kwa maandishi. Ukimwachia aweke cha juu, gari moja litazunguka mjini na bei nne, na sifa inayochafuka ni yako.

Amueni mapema pia kama mtamuuzia anayetaka kulikata vipande. Yupo, atakuja na fedha taslimu, na mara nyingine atamzidi yule kijana anayetaka kulitunza. Mimi ningeshusha kidogo kwa ajili ya wa pili, na familia yenye shida ya ada za shule ina haki ya kuamua tofauti. La muhimu mlijadili nyumbani, mkiwa watulivu.

Mwisho, tayarisha njia ya malipo na ya kuhamisha umiliki kabla hujapokea kishika uchumba: TIN za pande zote mbili, mkataba wa mauziano wenye bei halisi, malipo kupitia benki. Kadi itoke mkononi fedha ikishasoma, na uhamisho uanze siku hiyohiyo, kwa sababu hadi jina libadilike, faini za barabarani zitaendelea kuja kwako.