Fundisha upumuaji kwa sato, kambale na viluwiluwi vya mbu

Mwongozo huu ni wa mwalimu mwenzangu wa Biolojia ambaye shule yake haina maabara ya maana. Mada ya ubadilishanaji wa gesi tumezoea kuichora ubaoni. Wanafunzi wananakili, na mtihani ukifika wanaandika kwamba samaki "anapumua maji". Si kosa lao, hawajaonyeshwa. Karibu kila kitu utakachohitaji kinapatikana sokoni na kwenye dimbwi la jirani.

Hatua ya 1: Maandalizi

Siku moja kabla, jaza ndoo maji ya bomba uyaache wazi usiku kucha ili klorini iondoke. Kwa mfugaji wa samaki omba vifaranga vichache vya sato na kambale mmoja hai. Asubuhi pitia sokoni, nunua sato mbichi mmoja kwa kila kundi. Funua mashavu uangalie: yawe mekundu ya kung'aa, yasiwe ya kahawia. Mwambie muuzaji asimpare wala asimtumbue. Beba pia mkasi, glavu, lenzi ya mkono, kipimajoto na mitungi ya kioo.

Hatua ya 2: Hesabuni pumzi

Weka kifaranga kimoja kwenye mtungi, kiache kitulie. Wanafunzi wahesabu kifuniko cha shavu kinafunguka mara ngapi kwa dakika moja, warudie mara tatu na kutafuta wastani. Kisha ongeza maji ya uvuguvugu kidogo kidogo mpaka kipimajoto kisome nyuzi 30, usizidishe hapo. Wahesabu tena. Idadi itapanda.

Sababu zake ni mbili, na zote zitajwe. Joto linaharakisha kazi za mwili, kwa hiyo samaki anahitaji oksijeni zaidi. Na wakati huohuo maji ya moto yanashika oksijeni kidogo. Lita moja ya maji yasiyo na chumvi, ya mto au ziwa, kwenye nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni. Kwenye nyuzi 30 hushuka hadi kama 7.5. Waandikie na hewa pembeni: lita moja ya hewa tunayovuta ina takriban miligramu 270. Acha watazame tofauti hiyo kabla hujaeleza neno. Baada ya hapo rudisha vifaranga kwenye ndoo.

Hatua ya 3: Fungua shavu

Hapa ndipo somo lilipo, usiharakishe. Laza sato aliyekufa ubavu, kata kifuniko cha shavu kwa mkasi kuanzia nyuma. Chini yake kuna matao manne ya mfupa, na upande wa pili manne mengine. Upande wa mbele wa tao kuna vijino vinavyozuia uchafu na chakula visipite. Upande wa nyuma kuna nyuzi nyekundu, laini, zilizopangana kwa wingi. Hizo ndizo matamvua, na wekundu ni damu inayopita karibu kabisa na maji.

Sasa kata tao moja ulitumbukize kwenye bilauri ya maji. Nyuzi zitatawanyika, kila moja ikijitenga na mwenzake. Linyanyue juu ya maji: zinashikana papo hapo kama nywele zilizolowa. Lirudishe, zinatawanyika tena. Mpe kila mwanafunzi afanye kwa mkono wake, kisha uliza: kwa nini samaki anakufa ufukweni wakati hewa imejaa oksijeni? Watakujibu wenyewe kwamba eneo la kupitishia gesi limepungua. Ongeza kwamba pia linakauka, na gesi haipiti vizuri kwenye utando mkavu.

Ukiwa na muda, eleza kwamba damu ndani ya matamvua inakwenda kinyume na mkondo wa maji, ndiyo maana samaki anaweza kunyonya hadi asilimia 80 ya oksijeni iliyomo. Sisi kwa mapafu tunachukua kama robo tu ya iliyomo kwenye hewa tunayovuta.

Hatua ya 4: Kambale

Mwangalieni ndoo ikiwa imetulia. Kila baada ya muda atapanda juu, atagusa hewa na kushuka. Juu ya matamvua yake ana kiungo chekundu chenye matawi matawi, kigumu kiasi cha kutoshikana akiwa nje ya maji. Ndiyo maana sokoni unamkuta bado anatikisika wakati sato wa asubuhi ileile amekwisha kufa.

Hatua ya 5: Viluwiluwi vya mbu

Chota dimbwini, funika mtungi kwa chandarua ili mbu wakikomaa wasitoke. Kiluwiluwi cha Culex au Aedes hujining'iniza kichwa chini, mrija wa mkiani ukigusa hewa. Cha Anopheles, mbu wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji kwa sababu hakina mrija huo. Vyote vinaishi majini lakini vinavuta hewa ya juu. Dondosha mafuta kidogo yatandae, msubiri muone.

Hatua ya 6: Nchi kavu

Hatua hii ni fupi. Kwa lenzi, tafuteni vitundu ubavuni mwa panzi: jozi 10, mbili kifuani na nane tumboni. Hewa inaingia humo na kupelekwa na mirija hadi kwenye tishu, bila kubebwa na damu. Chura mtazameni koo linavyopanda na kushuka. Anasukuma hewa kwa sakafu ya mdomo, na ngozi yake yenye unyevu inasaidia. Nyungunyungu ana ngozi peke yake, kwa hiyo usimwache juani.

Hatua ya 7: Swali la kwenda nalo nyumbani

Kamongo wa Ziwa Viktoria, aliyekomaa, akinaswa chini kwenye wavu na kushindwa kupanda juu, anakufa akiwa majini. Waeleze kwa nini. Jibu kamili litaje mapafu yake, matamvua madogo yasiyomtosha, na jinsi anavyoweza kukaa ndani ya tope wakati wa kiangazi akivuta hewa. Kwenye alama 10, mimi hutoa 4 kwa atakayelinganisha na kile alichokiona kwenye bilauri.