Nguru wa Idd: kurambaza kwa mashua kutoka Mkokotoni hadi Mkoani

Idd kubwa ni tarehe kumi ya Mfunguo Tatu (Dhul-Hijja), na mwezi ukiwa na siku kumi maji ya bahari huwa yamekufa. Bamvua, yaani maji makubwa, la mwezi mwandamo limeshapita, la mwezi mpevu bado. Miaka hii Idd hiyo inaangukia kwenye kusi, majira ya upepo wa kusini, kwa hiyo mwenye mashua anayetoka Unguja kwenda Pemba anapata upepo wa nyuma, mkondo unaokwenda kaskazini, na maji yasiyo na hasira. Shehena ikichelewa kupakiwa na Idd ikatukuta baharini, hatuhuzuniki. Tunaila humo humo chomboni.

Kwanza, mshipi wa kurambaza, yaani wa kuvua kwa kuburuta ndoana nyuma ya chombo kinachokwenda. Utengeneze nyumbani.

Chukua nailoni nene, mita 40 hivi. Mwisho wake funga waya wa chuma, si chini ya nusu mita, kwa sababu meno ya nguru hukata nailoni kama mkasi. Kati ya nailoni na waya weka kile kichuma kinachozunguka, mshipi usijisokote. Kwa chambo, chuchunge mzima aliyeshonwa vizuri kwenye ndoana hana mpinzani. Ukimkosa, chambua nyuzi za kiroba cheupe cha mchele, fungu la urefu wa kiganja, uzifunge juu ya ndoana hadi ziifiche.

Jambo ambalo vijana wengi hawalifanyi ni mpira. Kata tyubu ya baiskeli, funga ncha zake mbili kwenye mshipi karibu na tezi (nyuma ya chombo), na uache mshipi ulegee katikati ya ncha hizo. Samaki akila, mpira ndio unaonyooka kwanza: ndoana inaingia barabara bila kuchana mdomo wake. Ning'iniza hapo kopo la maziwa lenye kokoto. Likilia, hata aliyelala ataamka.

Pili, kuondoka.

Tunang'oa nanga saa saba usiku, mwezi ukiwa bado haujazama, ili tuone maji kati ya Mkokotoni na Tumbatu. Sikiliza kwanza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitangaza upepo mkali na mawimbi makubwa, lala. Idd itakukuta pwani na hakuna ubaya. Kila mtu avae jaketi la kujiokolea kabla ya kupita Nungwi. Ni katika mkondo huu meli ya abiria MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, watu wakiwa njiani kwenda Pemba siku chache tu baada ya Idd ndogo. Nikifika pale husoma Fatiha. Na shehena yangu haivuki mstari wa mwisho wa kupakia, hata aombe nani.

Tatu, kushusha mshipi.

Usishushe mapema. Unguja imekaa juu ya maji ya kina kifupi, lakini Pemba imezungukwa na kilindi cha mamia ya mita, na samaki wakubwa hupita pale sakafu ya bahari inapokatika. Utapajua kwa macho: maji hugeuka kutoka kijani hadi buluu iliyoiva, na mawimbi hurefuka. Subiri mashariki ianze kuwa nyeupe. Tunaswali Alfajiri kwa zamu, mshika usukani akiwa wa mwisho. Kibla chetu ni kaskazini hasa, kidogo kushoto mwa omo (mbele ya chombo). Halafu mshipi unaingia majini na takbira zinaanza. Sauti nne tu katika bahari nzima, na kwangu hakuna takbira zinazogusa moyo kuliko hizo.

Mwendo wa noti nne hadi sita, yaani maili nne hadi sita za baharini kwa saa, unatosha. Ukiona ndege wanapiga mbizi, pita pembeni mwa kundi. Ukilikata katikati, samaki watazama.

Nne, kopo likilia.

Mwambie mwenzako alegeze demani, yaani kamba ya tanga, chombo kipunguze mwendo. Asikigeuze kuelekea upepo: tanga likishika upepo kwa mbele linagandamia mlingoti, nawe mikono yako ina kazi. Vaa glavu au shika kwa kitambaa, na usizungushe mshipi mkononi kamwe. Nimeona kidole kikikatwa hivyo. Vuta bila kuacha ulegee, mpeleke samaki ubavuni upande wa demani, kule upepo unakoelekea, mtie ndoana kubwa yenye mpini wa mti chini ya kichwa, umwingize kwa mkupuo mmoja.

Akiwa nguru au jodari, mkate matamvua hapo hapo damu itoke, mtoe matumbo, umfunike kwa gunia lililoloweshwa, kivulini. Samaki wa jamii hii akiachwa juani hufanya sumu isiyoondoka hata kwa kuchemshwa. Huleta wekundu wa ngozi, kichwa kuuma na moyo kwenda mbio. Mmoja akitosha kitoweo, pandisha mshipi.

Tano, jiko.

Debe lililokatwa, mchanga vidole vinne chini, jiko la mkaa juu yake, nalo likae tezi nyuma ya tanga, ndoo ya maji pembeni. Sufuria ifungwe masikio kwa kamba. Nazi tunaikuna nchi kavu kabla ya kuondoka, kwa maana mbuzi na mawimbi haviendi pamoja. Vipande vya nguru vinachomwa kwanza, kisha vinapakwa tui zito lenye ukwaju, ndimu na pilipili. Wali tumeshaupika jana. Kipande cha kwanza anapewa kijana anayefua maji ngamani (chini kabisa ya chombo), pamoja na mkono wake wa Idd, kabla hata ya nahodha.

Mkoani ikionekana, kunja mshipi, suuza ndoana kwa maji yasiyo ya chumvi, na fungua pipa la plastiki lenye kifuniko ambamo kanzu zote zimekaa tangu jana bila kuguswa na chumvi. Tunavaa kabla ya kutua tanga.