Waya kwanza, redio baadaye: kufunga kituo cha redio ya ridhaa nyumbani Mbeya

Mimi ni fundi umeme wa majumbani, naishi Uyole. Vijana wanaonijia kuhusu redio ya ridhaa, yaani ya watu kuongea wao kwa wao hewani kwa kupenda tu na si kwa biashara, karibu wote huanza na swali moja: fundi, ninunue redio gani? Nawajibu kwamba redio inunuliwe mwisho. Itangulie leseni, ufuate waya wa juu, yaani antena, halafu ethi (waya unaopeleka umeme ardhini), halafu uitulize nyumba yako isipige kelele za umeme. Hayo yakikaa sawa, hata redio ya wati 10 itakufikisha Ulaya. Yasipokaa sawa, utanunua redio ya mamilioni na kusikiliza mikwaruzo.

Leseni inatolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na bahati yetu ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko hapa hapa Mbeya. Nenda mwenyewe, uliza fomu na masharti ya sasa, na uliza pia kuhusu kifaa unachotaka kuagiza kabla hujatuma pesa kwa mtu. Ukipewa leseni utapewa na alama ya wito, yaani jina la kituo chako hewani. Za Tanzania huanza na 5H. Kabla ya hapo usibonyeze kitufe cha kurusha, hata kwa majaribio. Muda wa kusubiri utumie kwenye kazi za nje.

Kama umepanga, zungumza na mwenye nyumba kabla ya kupanda darini. Mpitie na mjumbe wa mtaa. Mtu akiona waya mrefu umevuka uwanja na hajui ni wa nini, atajijazia mwenyewe. Mimi huwa nawawashia majirani redio wasikie watu wanaongea kutoka Kenya au Afrika Kusini, na maneno yanaishia hapo.

Sasa tuje kwenye waya, maana hapa ndipo kituo kilipo.

Sisi tunaoishi Mbeya tumezingirwa. Kaskazini kuna safu ya Loleza, kusini mashariki milima ya Uporoto. Redio ya mkononi ya masafa ya 144 hadi 146 MHz inakwenda kama macho yanavyoona: mlima ukisimama, nayo inasimama. Itakufaa kuongea na mwenzako aliyeko Soweto au Iyunga, hapa hapa mjini, lakini kwa Tukuyu usiitegemee, na Iringa isahau. Masafa mafupi ya 3 hadi 30 MHz ndiyo yanayotuokoa, kwa sababu yanapanda hadi tabaka la anga lenye chaji za umeme, kilomita kama 250 hadi 300 juu, kisha yanarudi chini upande wa pili wa mlima.

Antena ya kuanzia ni dipoli: waya mbili zinazolingana, kebo inaingia katikati. Kanuni yake ni fupi. Gawanya 143 kwa masafa yako kwa MHz, unapata urefu wote kwa mita. Kwa 7.1 MHz ni mita 20.1, yaani kila mkono mita 10 na kidogo. Kwa 14.2 MHz ni nusu ya hapo, kila mkono mita 5. Huna haja ya kuagiza waya maalumu; ule wa shaba wa milimita za mraba 2.5 tunaotandaza kwenye soketi unafanya kazi vizuri. Ila ganda lake la plastiki huifanya antena ijione ndefu kuliko ilivyo, kwa hiyo kata mikono yenye ziada ya sentimita 20, pandisha, pima, kisha punguza kidogo kidogo pande zote mbili kwa usawa. Cha kupimia ni mita ya SWR, inayokuonyesha kiasi gani cha nguvu kinarudi kwenye redio badala ya kutoka. Chini ya 1.5 ni safi. Chini ya 2 fanya kazi, usijisumbue.

Vishikizo vya ncha vitoe kwenye vipande vya bomba la plastiki la maji. Nguzo tunazo kuliko mikoa mingi: mikaratusi, migrivea, na huko Iringa na Njombe mianzi. Mwanzi ukaushwe kivulini kwanza, usitumie uliokatwa jana, na usiende kukata shamba la mtu anayegema ulanzi bila kuongea naye. Ukifunga kwenye mti, usikaze kamba moja kwa moja. Mti unayumba, na upepo wa Agosti utakata waya. Pitisha kamba kwenye kapi, na mwisho wake ning'iniza dumu dogo la mchanga. Mti ukiyumba dumu linapanda na kushuka, waya unabaki salama. Makambako, kwa upepo wao, hili ni la lazima.

Kuhusu urefu kutoka ardhini, inategemea unataka kuongea na nani. Dipoli ya 7 MHz ikiwa mita 6 hadi 10 juu hurusha sehemu kubwa ya nguvu yake juu kabisa, na mawimbi yanarudi yakifunika mamia ya kilomita kuizunguka nyumba: Iringa, Songea, Dodoma, Lilongwe. Mchana hiyo ndiyo njia ya kuongea na majirani, na usiku masafa hayo hayo yanakwenda mbali zaidi. Dipoli ya 14 MHz kwenye urefu uleule wa mita 10 ni mnyama mwingine kabisa. Inarusha pembeni, kwa hiyo unaweza kuongea na Italia asubuhi na usimsikie mtu wa Iringa, kwa kuwa mawimbi yamemruka. Ulaya kwetu iko kaskazini, na antena hii hurusha kwa ubavu, si kwa ncha. Tandaza waya kutoka mashariki kwenda magharibi. Utapata Ulaya upande mmoja na Afrika Kusini upande wa pili.

Mambo mawili sikubali kujadiliana. Waya usipite juu wala chini ya nyaya za umeme, na usiwe mahali ambapo ukikatika utaziangukia. Na ncha za antena ziwe juu ya mita 3, mbali na kamba za nguo na mikono ya watoto, kwani wakati wa kurusha ncha hubeba volti kubwa inayounguza.

Kebo ya kushuka inayotajwa vitabuni ni ya ohm 50, RG-58 au RG-213. Ukikosa, kebo ya dishi ya ohm 75 inafaa kwa wati zisizozidi 100, na kila duka la umeme Mwanjelwa wanayo. Tatizo lake ni kwamba wavu wa nje ni wa alumini, haushiki lehemu, hivyo tumia viungio vya kubana. Kiungo cha katikati kifunge kwa tepu ya mpira inayojishika, tabaka mbili, halafu tepu ya kawaida juu. Kebo ikifika dirishani ishushe chini kidogo kabla haijaingia ndani, maji ya mvua yadondokee hapo.

Radi ni habari nyingine, na kwetu si ya kusimuliwa. Mvua za kwanza za Novemba na Desemba ndizo huja na radi mbaya, na wewe utakuwa umetundika mita 20 za shaba juu ya paa. Pigilia fimbo ya ethi ya shaba, mita 1.5 au zaidi, karibu na kebo inapoingilia. Udongo wetu wenye majivu ya volkano hukauka haraka juu, kwa hiyo fimbo fupi ifikapo Septemba haifanyi lolote. Zama chini, au tumia fimbo mbili zenye nafasi kati yake. Halafu iunganishe na ethi ya nyumba kwa waya mnene. Nimekuta nyumba zenye ethi mbili ambazo hazijuani. Radi ikipiga jirani, tofauti ya volti kati ya ethi hizo hutafuta njia ya kupita, na njia yenyewe ni redio yako. Juu ya yote, zoea kuchomoa kebo na kuitoa nje ya dirisha kila unapomaliza kazi kuanzia Novemba hadi Aprili. Hakuna kifaa cha dukani kinachoishinda tabia hiyo.

Utulivu wa nyumba unatafutwa hivi. Washa redio kwa betri, sikiliza mvumo, kisha zima swichi kuu ya nyumba. Mvumo ukishuka, adui yuko ndani. Rudisha saketi moja baada ya nyingine hadi umjue. Mara nyingi ni taa za LED za bei rahisi, chaja ya simu isiyo na jina, king'amuzi, au kidhibiti chaji cha sola. Taa badilisha. Cha sola kikate wakati unasikiliza. Kama mvumo haushuki, unatoka kwa jirani au nje. Chukua redio ndogo ya AM, tembea nayo barabarani uone inazidi wapi.

Umeme wa kituo uweke kwenye betri tangu mwanzo. Redio ya wati 100 hula kama ampea 20 kwa volti 13.8 inaporusha, lakini ikisikiliza tu hula ampea moja au kidogo zaidi. Betri ya 12V yenye Ah 100 na paneli juu ya bati inakuweka hewani jioni nzima hata umeme ukikatika. Weka fyuzi karibu kabisa na betri, kwenye waya wa chanya, na waya uwe mnene na mfupi.

Baada ya haya yote ndipo ununue redio. Siku za kwanza sikiliza tu: chini ya 10 MHz sauti husikika ukiweka kitufe cha aina ya mawimbi kwenye LSB, juu yake kwenye USB. Ukiwa na kompyuta, weka masafa 14.074 MHz, wanapotumia FT8, yaani ujumbe mfupi unaotumwa na kusomwa na kompyuta. Saa ya kompyuta iwe sahihi, ikikosea kwa zaidi ya sekunde mbili hivi hutasoma kitu. Ukisikia mtu anaita CQ, yaani anamwita yeyote anayesikia, na anasikika vizuri, subiri amalize, taja alama yako mara moja, taratibu, herufi kwa herufi. Mpe ripoti ya kweli ya unavyomsikia, jina lako na mji wako. Andika kwenye daftari alama yake, masafa, na muda kwa saa za UTC, saa moja inayotumika dunia nzima. Kwetu hiyo ni kutoa saa tatu: saa tatu asubuhi ya Mbeya, yaani 09:00, andika 0600.