Kabla ya kubandika barua ya mwanafunzi kwenye ChatGPT

Wenzangu wa masijala na ofisi ya msajili mnaojifunza akili unde kazini: ukitaka ChatGPT, programu ya akili unde, ikuandikie rasimu ya majibu, barua ya mwanafunzi usiibandike kama ilivyo. Toa jina, namba ya usajili, simu na ugonjwa alioutaja. Andika "Mwanafunzi A, mwaka wa pili, anaomba kuahirisha masomo." Rasimu itatoka nzuri vilevile, jina utalirudisha mwenyewe kwenye Word. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mambo ya afya ni taarifa nyeti. Tena kufuta jina pekee hakutoshi: kozi ikiwa na wanafunzi watatu, ukitaja kozi na mwaka umeshamtaja mtu.

Kwa habari za watumishi, nani kapanda cheo, nani anastaafu, ipe ChatGPT hoja zako kisha iambie: "Tumia haya tu, usiongeze sifa. Tarehe ikikosekana, andika JAZA." Bila hivyo itampamba mstaafu kwa "utumishi uliotukuka wa miongo mitatu" kumbe alihamia juzi. Majina na vyeo hakiki kwenye faili, hasa Dkt. na Prof. Hapo ndipo simu za malalamiko huanzia.