Kukata vigae na matofali kwa grainda, hatua kwa hatua

Fundi akiumizwa na grainda, mara nyingi kosa lilishafanyika kabla plagi haijaingia kwenye soketi: diski si ya kazi ile, kinga (kifuniko cha chuma kinachozunguka diski) imeng'olewa, kigae kimekanyagwa kwa mguu ili kisicheze. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni maandalizi. Kukata kwenyewe ni dakika chache.

Hatua ya 1: Diski iendane na mashine

Grainda ndogo ya inchi 4.5 (mm 115) huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika. Ile kubwa ya inchi 9 (mm 230) huzunguka mara 6,500 hivi. Kasi yake imepunguzwa makusudi, kwa sababu diski ikiwa pana, ukingo wake hukimbia zaidi. Piga hesabu: diski ya mm 115 kwenye mashine yake, ukingo unakwenda mita 66 hivi kwa sekunde. Diski nyingi za kukatia mawe zimeandikwa mwisho wake ni mita 80. Sasa funga diski ya mm 230 kwenye grainda ndogo: ukingo unapita mita 130. Tundu la katikati mara nyingi ni lile lile la mm 22.23, kwa hiyo inaingia bila ubishi, ila kinga lazima uitoe. Hapo una diski iliyopitishwa kiwango chake na huna cha kuzuia vipande ikipasuka. Soma namba ya mizunguko kwenye diski. Isiwe chini ya ile iliyo kwenye kibandiko cha mashine.

Kwa vigae tumia diski ya almasi yenye ukingo mzima, unene wa mm 1.2 hadi 1.6. Kwa matofali na zege chukua yenye mapengo ukingoni. Mapengo hutoa vumbi na kupoza diski, lakini kwenye kigae hung'oa rangi ya juu vipande vipande. Diski ya kukatia chuma iache kwenye chuma. Na ile yenye meno ya kukatia mbao isifungwe kwenye grainda hata kwa kazi ya dakika moja.

Hatua ya 2: Kufunga

Chomoa plagi, usitegemee swichi. Kagua diski: iliyopinda, yenye ufa au iliyopoteza kipande ukingoni ni ya kutupwa. Fuata mshale wa mzunguko. Futa vumbi kwenye washa za kubania (vile visahani vya chuma vinavyobana diski), maana chembe moja ya mchanga inatosha kuifanya diski iyumbe. Kinga ikae kati yako na diski, na mshikio wa pembeni uwepo. Zungusha kwa mkono, kisha iwashe iende bure dakika nzima ikielekea pasipo na mtu. Ikitetemeka, zima ufunge upya.

Grainda kubwa ya wati 2,000 na zaidi huvuta karibu ampea 10. Waya wa ekstensheni uwe wa mm² 2.5 na ukunjuliwe wote. Ukiachwa kwenye roli unapata moto na kuyeyuka. Chanzo cha umeme kiwe na swichi ya kukata umeme unaovuja, ya mA 30.

Hatua ya 3: Vumbi na mwili wako

Vumbi la kigae, zege na tofali lina silika, madini yaliyomo kwenye mchanga. Chembe zinazodhuru ni ndogo kiasi kwamba huzioni, na kovu zinaloacha kwenye mapafu halitibiki. Kitambaa au barakoa ya hospitali havizuii. Angalau vaa barakoa ya kuchuja vumbi ya daraja la N95 au FFP2. Ukikata kavu kwa muda mrefu, FFP3. Ndevu huacha upenyo pembeni. Ongeza miwani iliyofunika pande zote, ngao ya uso na viziba masikio. Mikono ya shati ifungwe, shuka na skafu zikae mbali.

Maji ndiyo dawa bora ya vumbi, lakini kwenye mashine iliyotengenezwa kwa maji, kama meza ya kukatia vigae. Ule mtindo wa msaidizi kumimina maji kwa chupa iliyotobolewa kifuniko juu ya grainda ya kawaida ya umeme unaweza kuua. Kama huna mashine ya maji, katia nje, upepo ukipita ubavuni.

Hatua ya 4: Kigae

1. Laza kigae, uso juu, kwenye ubao ulionyooka, kibanwe kwa klampu. Bandika tepu ya karatasi kwenye mstari na uchore juu yake.
2. Simama pembeni ya mstari wa diski, kamwe si nyuma yake. Washa, subiri ifikie kasi, ndipo uguse.
3. Pita mara ya kwanza kwa kina cha mm 1 hadi 2, mstari mzima. Mfereji huo utaongoza pito la pili.
4. Sukuma mashine kuelekea kule vumbi linakorushwa. Ukienda kinyume, diski itataka kupanda na kukimbia na mashine.
5. Usimalize kwa kwenda moja kwa moja. Kwanza kata sentimita 2 ukianzia ukingo wa mwisho kuja ndani, kisha rudi mwanzo ukate hadi uukute mkato huo. Bila hivyo kigae kigumu cha porselini huvunjika kona ya mwisho.

Kwa umbo la L, toboa kwanza tundu la mm 6 au 8 penye kona kwa biti ya almasi, kwani kona kali ndiko ufa unakoanzia. Tundu la soketi likate kutokea nyuma ya kigae; diski ni duara, hivyo mikato inayozidi hubaki upande usioonekana.

Hatua ya 5: Tofali

Diski ya mm 230 huingia mm 65 hivi tu. Tofali la inchi 6 likate pande mbili, kisha sehemu iliyobaki uivunje kwa tindo na nyundo. Shuka mm 15 hadi 20 kila pito. Tegemeza pande zote mbili karibu na mstari; tofali likilegea katikati, mkato hujifunga, unabana diski na mashine inaruka. Kamwe usijaribu kuinamisha diski ndani ya mkato ili kunyoosha mstari.

Baada ya kila nusu dakika inyanyue izunguke bure ipoe. Ikigeuka rangi ya buluu, umeikandamiza mno. Ikiacha kukata na ukingo ukawa laini kama kioo, pitisha mara chache kwenye tofali laini la mchanga, almasi zitatokeza tena.

Mabati ya zamani ya asbesto usiyaguse kwa mashine hii.

Ukizima, subiri diski isimame kabla ya kuiweka chini. Vumbi lilowanishe ndipo ulizoe, usifagie kavu, na nguo za kazi uzivue kabla ya kuingia ndani walipo watoto.